Maji Yanayorudi Juu

4 Machi

Mvua ya kwanza ya msimu. Imenyesha tangu asubuhi hadi watu wanatoka kazini, na ua wetu umebaki mkavu. Mwaka jana siku kama ya leo tulikuwa tunaruka madimbwi kwenda kwenye kamba ya nguo, na ni kwenye madimbwi hayo Mama aliteleza akavunjika nyonga. Mume wangu alirudi kutoka ghalani anakotunza stoo, akasimama mlangoni kifua mbele kana kwamba mvua ilimwomba ruhusa.

"Mmeona?" akasema. "Hata tone halijasimama."

Humu ndani tunamwita Injinia. Lilianza kama utani siku alipotengeneza pasi tukakaa gizani sisi na majirani, lakini yeye amelichukua jina kama cheti. Kiangazi chote alishinda na sururu na mabomba akirekebisha mifereji ya bati, na hakutaka kuulizwa swali. Haya, leo nimempa sifa zake. Chakula cha jioni alikula mara mbili.

7 Machi

Choo kimeanza kugugumia. Ukivuta maji yanazunguka, yanafikiri, ndipo yanashuka. Binti yangu anasema kinaongea. Nimemwambia akiache kiongee, yeye afanye kazi za shule.

8 Machi

Nimemwaga chupa nzima ya dawa ya chooni. Nyumba inanuka dawa, na chini ya dawa inanuka kile kingine.

12 Machi

Mvua tangu saa nne asubuhi. Nilikuwa sebuleni, ambako ndiko kiwanda changu, napindia mapazia ya mama mmoja mwenye nyumba ya wageni. Mama akaniita kutoka chumbani kwake kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Nikaenda. Tundu la sakafuni bafuni lilikuwa linatoa maji badala ya kuyapokea. Maji meusi, yamepita chini ya mlango, yamefika kwenye miguu ya kitanda chake. Yeye amekaa katikati ya kitanda, amepandisha miguu, ameikumbatia fremu yake ya kutembelea isichafuke.

"Mwanangu, sijagusa kitu," akasema.

Nimepiga deki hadi mgongo ukakataa kunyooka. Yule mama wa nyumba ya wageni alipokuja kuangalia mapazia yake alivuta pumzi moja tu ndani, nyingine akaenda kuivutia nje.

Niandike jambo moja hapa ili nisijifanye sijui. Kaka yangu alitaka kumchukua Mama tangu siku aliyotoka hospitali na nyonga yake. Kaka anakaa ghorofa ya nne. Yeye na wifi wanatoka asubuhi, wanafunga mlango kwa nje, wanarudi jioni. Mama angeshinda humo peke yake akiangalia ukuta. Nilikataa, tukarushiana maneno, na mwisho akaniambia, "Sawa, mdogo wangu. Ila siku nikisikia anahangaika kwako, sitabisha hodi, nitakuja kumbeba." Kaka akisema hivyo huwa hatanii.

14 Machi

Nimekuta jani bafuni, limekwama kwenye tundu. Jani la mti, bichi kabisa. Nikamuuliza binti yangu ametupa nini mle.

"Mama, mimi na jani wapi na wapi?"

Nikamwambia asinijibu hivyo. Akanuna. Mama akasema kutoka chumbani, "Labda ni mimi." Mama hajatoka nje tangu juzi. Anasema hivyo ili watu wasigombane, amekuwa hivyo maisha yake yote.

17 Machi

Gari la kunyonya maji taka limekuja. Mtaa mzima ulijua kabla halijakata kona. Injinia aliomba ruhusa kazini ili asimamie, akasimama karibu na bomba mikono kiunoni akitoa amri ambazo hakuna aliyezisikia kwa mngurumo. Yule jamaa wa gari alipofunga shimo akatikisa kichwa.

"Humu ni maji matupu," akaniambia. "Uchafu wenyewe kidogo sana. Mnamwaga maji mengi nyinyi."

Maneno yake yaliniingia. Baada ya gari kuondoka nilianza kuhesabu kichwani nani anaoga muda gani.

22 Machi

Jua. Choo kinashuka vizuri kama kipya. Mama ameomba chai ya pili.

26 Machi

Mvua imerudi, na choo kimepanda tena. Shimo lililonyonywa juzi tu! Nimekaa kwenye ukingo wa kitanda cha Mama, deki mkononi, nikalia kama mtoto. Mama akanipapasa mgongo.

Jioni niliwakusanya wote sebuleni. Nikawaambia tangu leo mtu ataoga kwa beseni moja na kwenda kulimwaga nje mwenyewe. Vyombo vitaoshewa nje. Hakuna kuflashi kwa haja ndogo. Kwa haja kubwa ni ndoo nusu. "Kila tone mnalomwaga linanirudia mimi," nikasema. "Mimi ndiye ninayelipigia deki." Injinia aliangalia dari. Binti yangu alikunja uso. Mama alikuwa amekaa wima mikono magotini, anasikiliza neno kwa neno. Amepikia wanafunzi wa bweni karibu maisha yake yote ya kazi, na jikoni kwake sheria ilikuwa sheria.

"Nimeelewa, mwanangu," akasema.

29 Machi

Kaka alikuja ghafla na mfuko wa matunda. Alisimama koridoni akanusa.

"Ni nini hiki?"

"Mfereji wa barabarani," nikasema.

"Ni mfereji wa barabarani, baba," Mama akadakia kutoka chumbani, bila kuulizwa. Kaka aliangalia deki, akaangalia ndoo, akaniangalia mimi. Alipoondoka Mama aliniambia nisimfundishe kudanganya uzeeni, kisha tukacheka kidogo.

2 Aprili

Mvua. Kimepanda.

3 Aprili

Mvua. Kimepanda.

5 Aprili

Hakuna mvua, kimetulia. Nimefika mahali nayaogopa mawingu. Nikaona nimuulize Injinia mbona kinapanda siku za mvua tu. Alinieleza kwa upole, kama anavyowaeleza vijana wake wa ghalani, kwamba ardhi imeshiba, shimo haliwezi kunyonya kwenye udongo uliolowa, na dawa yake ni kuchimba shimo jingine la kunyonyea pembeni. Ni maelezo mazuri. Aliyaambatanisha na mchoro.

6 Aprili

Amechimba kutwa. Shimo lake jipya limejaa maji ya mvua, na sasa tuna mashimo mawili yaliyojaa.

8 Aprili

Nimegeuka askari wa choo. Nikisikia bomba linalia naacha kushona. Leo nimesikia maji yakivutwa nikatoka na mkasi mkononi, nikapiga kelele koridoni, "Nani ameflashi?"

Mlango ukafunguka taratibu. Mama, ameshikilia fremu yake.

"Ni mimi. Nilisahau. Nisamehe."

Nilimwambia si kitu, lakini nilisema nikiwa nimeuma meno. Amerudi kitandani akinipita bila kuinua macho. Mapazia ya nyumba ya wageni yamerudishwa yote, eti yananuka. Sina nguvu ya kubisha kwa sababu yananuka kweli.

10 Aprili

Kama kuna mtu mmoja anayenisaidia humu ndani ni Mama. Haendi chooni ila mara mojamoja, haombi maji, haombi chai. Nimemwambia binti yangu amwige bibi yake. Binti yangu ameniangalia kama anataka kusema kitu, kisha akachukua daftari lake akaondoka. Umri huo una mambo.

12 Aprili

Mvua usiku kucha, mvua mchana kutwa. Kimepanda hadi ukingoni mwa sinki. Tumeweka ndoo yenye mfuniko nyuma ya jiko. Mama anasema hana haja ya ndoo. Midomo yake imekauka, nimempaka mafuta. Amesema ni hali ya hewa. Analala sana siku hizi, na nashukuru analala, kwa maana akilala haoni.

Sijui tutafika wapi. Nimefunika mashine ya kushonea kwa shuka kwa sababu hakuna mteja anayevuka kizingiti. Maji yamenifika shingoni na wala si maneno tu.

14 Aprili

Naandika haya kwenye benchi la hospitali.

Asubuhi nilimpelekea Mama uji. Aliniangalia akaniambia nimechelewa, wanafunzi wameshapanga foleni, na nani ameliacha sufuria kubwa bila mfuniko. Nikadhani anatania. Nikacheka. Akanikaripia kwa jina la msaidizi wake wa zamani jikoni, mwanamke aliyekufa mimi nikiwa shuleni. Kisha akajaribu kusimama bila fremu na miguu ikamwacha. Nilimdaka kabla ya sakafu. Alikuwa mwepesi, na hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu nimembeba siku zote tangu nyonga ile na najua uzito wake.

Daktari ni msichana mdogo mwenye sauti kavu. Alifinya ngozi ya mkono wa Mama kwa vidole viwili. Ngozi ikabaki imesimama.

"Anakunywa maji kiasi gani kwa siku?"

Nikasema anakunywa. Nikasema uji asubuhi, chai, supu jioni. Nilikuwa nataja vitu ninavyompelekea. Daktari akaandika, akasema mkojo ni kidogo na umekuwa mweusi, kuna maambukizi, na figo zimeanza kulegea. "Huyu mama amekaa na kiu muda mrefu," akasema. "Muda mrefu sana."

Nikamwambia haiwezekani. Nyuma yangu binti yangu akaanza kulia. Alilia kwa kwikwi hadi nesi akamletea kiti.

"Bibi ananipa uji wake niumalize mimi," akasema. "Na chai. Na supu ananiambia nimwage nje. Alinilisha kiapo nisikwambie."

"Kwa nini?"

"Alisema asipokunywa haendi chooni. Na asipoenda chooni wewe hulii."

Nilitaka kumpiga, nilitaka kumkumbatia, sikufanya lolote. Nilisimama pale mikono imening'inia. Nilikumbuka nilivyoandika juzi kwamba Mama ananisaidia. Nimeurudia ukurasa huo sasa hivi na sijaufuta. Ubaki hapo uniumize.

15 Aprili

Kaka amekuja wodini. Nilimweleza yote, tangu choo hadi kiapo. Hakupandisha sauti, na ningependa angepandisha.

"Akitoka hapa anakwenda kwangu," akasema.

"Kaka, kule atakuwa peke yake kutwa."

"Kwako alikuwa na watu nyumba nzima."

Mama amelala kati yetu na dripu mkononi, kinywa kiko wazi kidogo. Nesi anamlowesha ulimi kwa pamba.

16 Aprili

Nitaandika polepole, nisiruke kitu.

Nilikuja nyumbani kuchukua nguo za Mama. Nyumba ilikuwa tupu tangu jana. Binti yangu yuko kwa wifi, Injinia alilala hospitali, mimi pia. Hakuna aliyeoga humu, hakuna aliyeosha hata kijiko. Nilipofungua mlango mvua ilikuwa inaanza. Nilikusanya khanga zake, nikakaa kitandani pake kidogo kungoja ipungue, lakini ikazidi. Kisha nikasikia bafuni kunagugumia.

Nilikwenda kuangalia. Maji yalikuwa yanapanda kwenye tundu la sakafu. Nilisimama nikiyatazama na nikaanza kuyauliza kwa sauti kama kichaa: mmetoka wapi? Nani amewamwaga? Hakuna mtu humu. Halafu yakaja majani, mawili, matatu, mabichi, yakizunguka juu ya maji.

Nilitoka nje bila mwavuli. Nikafungua mfuniko wa chemba nyuma ya jiko, pale mabomba ya nyumba yanapokutana kabla ya kwenda shimoni. Bomba la chooni lilikuwa halileti tone, linayapokea maji ya chemba tu. La jikoni pia. Lakini kulikuwa na bomba la tatu, jipya, la plastiki nyeupe, na hilo lilikuwa linamwaga maji safi kwa nguvu ambayo maji ya bombani kwetu hayajawahi kuwa nayo. Nikalifuata kwa macho hadi pembe ya nyumba. Pale mfereji wa bati unashuka ukutani na kuingia ardhini. Nilikuwa nimepita hapo kila siku na beseni langu.

Mvua yote iliyonyesha juu ya bati letu tangu Machi ilikuwa inaingia kwenye shimo la choo. Maji ya bati la nyumba nzima, vyumba vyote, sebule yangu na jiko. Hakuna gari la kunyonya ambalo lingelimaliza shimo lile. Hakuna beseni ambalo lingesaidia.

Nilichukua msumeno wa Injinia nikalikata bomba lile pale pembeni mwa ukuta. Maji yakaruka, yakanipiga usoni, yakaenea uani. Ua ukajaa madimbwi kama mwaka jana. Nikarudi ndani nikakaa sakafuni bafuni, nguo zimelowa chapachapa. Yalichukua muda, lakini yakaanza kushuka. Yalishuka hadi mwisho, tundu likabaki tupu, na nje mvua bado inapiga.

Mama yangu amekaa na kiu wiki nzima nzima kwa ajili ya maji ya bati. Hata angekunywa pipa, choo kisingejali. Nilipiga ukuta kwa kiganja hadi kikavimba.

17 Aprili

Nimemwambia Injinia. Tulikuwa kwenye lile benchi la hospitali. Alinisikiliza hadi mwisho, akavua kofia akaiweka gotini.

"Nilitaka asiteleze tena," akasema.

Kwa siku nyingi nilikuwa natafuta mtu wa kumrarua, na huyu hapa nimempata, amekaa karibu yangu anageuza kofia. Sikuweza. Bomba alilitega yeye, sheria nilizitunga mimi, na Mama alizitii.

21 Aprili

Mama ameruhusiwa. Akili imerudi, figo zinajikongoja. Daktari amesema dawa ya kwanza ni maji, ya pili ni maji. Kaka alikuwa ameleta gari hadi mlangoni. Mama alimwambia, "Baba, nipeleke kwa dada yako, nguo zangu ziko kule." Kaka akaniita pembeni.

"Hadi Jumapili," akasema. "Nikija nikakuta hanywi, nambeba. Na usinililie."

22 Aprili

Nimemweleza Mama kila kitu, bomba, bati, majani. Injinia amehamisha mfereji, sasa maji yanatoka hadi barabarani. Mama alitikisa kichwa kwa heshima. "Vizuri, mwanangu." Akachukua glasi, akalowesha midomo, akairudisha mezani.

23 Aprili

Vijiko vitatu tangu asubuhi. Nimembembeleza, nimemtania, nimegomba. "Ndiyo, mwanangu," anasema kila mara. Haniamini. Anadhani namwonea huruma na kwamba mvua ikija nitatoka tena na mkasi koridoni. Jua linawaka wala sina cha kumwonyesha. Tangu Machi nimeomba mvua ikome, na leo nimesimama uani nikiomba inyeshe.

25 Aprili

Jua. Ulimi wake umeanza kukauka tena. Nimemsikia Injinia akilia kwenye banda lake la vifaa. Kesho ni Jumapili.

26 Aprili

Mawingu yalianza kukusanyika tukiwa tunakunywa chai, na saa nne ilishuka mvua ambayo msimu huu hatujaiona. Bati lilikuwa linanguruma hadi hatusikilizani. Kaka alikuwa ameshapiga simu kusema yuko njiani.

Nilikwenda chumbani kwa Mama. Alikuwa ameshapandisha miguu kitandani.

"Twende," nikamwambia.

"Wapi, na mvua hii?"

Nilimbeba. Injinia alitangulia na kiti, akakiweka mlangoni mwa bafu, tukamkalisha hapo akiangalia ndani. Sakafu ilikuwa kavu. Alilikodolea tundu macho muda mrefu, akisubiri. Mvua ikazidi. Halikutoa kitu.

"Flashi," akasema.

Nikavuta. Maji yakazunguka yakashuka moja kwa moja, bila kufikiri.

"Tena."

Tangi lilijaa taratibu, tukangoja wote watatu. Nikavuta. Yakashuka.

"Mwaga ndoo hapo chini." Injinia akamwaga ndoo nzima sakafuni, maji yakakimbilia kwenye tundu na kupotea. Mama akaliangalia bati juu, akaliangalia tundu, kama mpishi anayelinganisha chumvi na sufuria.

"Kumbe mlikuwa mnasema kweli," akasema. Kisha akanyoosha mkono. "Lete hayo maji."

Alikunywa glasi yote bila kuishusha. Mengine yalimwagika kifuani, hakujali. Nilikwenda kujaza ya pili, na niliporudi Kaka alikuwa amesimama koridoni, ametota, funguo za gari mkononi, anamwangalia mama yake akinywa. Sijui alifika saa ngapi. Mama alimaliza ya pili, akanirudishia glasi, akatukuta tumemzunguka, watu wazima watatu tumetoa macho.

"Nipeni fremu yangu," akasema. "Halafu mtoke hapo mlangoni. Nataka kujisaidia, na sitaki hadhira."

Tulitoka. Mlango ukafungwa. Tulisimama koridoni, hakuna aliyemwangalia mwenzake, na bati linanguruma juu yetu. Tulingoja sana. Kisha tukasikia maji yakivutwa, kwa nguvu, kwa mkono wa mtu ambaye hamwombi mtu radhi.

Kaka akazitia funguo mfukoni, akaniuliza kama chai imebaki.